TAHARIRI: Mbwa wako ni wa pesa ngapi? Jibu liko kwenye risiti

Rusha swali hili kwenye kundi la WhatsApp la ploti yenu, kisha ukae uone moto: mbwa wa mtu akigongwa na gari hapo getini, dereva alipe pesa ngapi?

Wa kwanza atasema, "Mbwa ni mbwa tu, mpe jamaa elfu mbili yaishe." Wa pili atajibu kwa hasira kwamba Simba wake ni kama mtoto, na hakuna pesa duniani inayoweza kumlipa. Keateka ataingilia kuwakumbusha watu kwamba ploti hairuhusu mbwa. Mjadala utazima hapo, na mwenye mbwa atabaki na bili ya daktari peke yake.

Majibu hayo mawili ya kwanza yanaonekana kama mbingu na ardhi, lakini mwisho wake ni mmoja. Anayesema mbwa hana bei, na anayesema bei yake haitajiki, wote wanamfungulia njia aliyesababisha hasara aende zake bila kulipa chochote.

Sisi tunasema hivi: thamani ya mbwa inaweza kukadiriwa kwa pesa, na ni lazima ikadiriwe. Kipimo chake kisiwe bei ya sokoni pekee. Kiwe gharama halali za kumtibu, na za kumpata mwingine wa kushika nafasi yake. Lakini gharama hizo hazitajitetea zenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vijana wengi wenye mbwa hawana daftari.

Bei ya soko ni fasheni

Tuanze na soko, kwa sababu ndiko kila mtu hukimbilia. Fungua mtandao wowote wa kuuza na kununua vitu uangalie mbwa. German Shepherd ana bei yake, Rottweiler ana yake, na Japanese Spitz mweupe kama pamba, yule anayependwa sana kwenye video za TikTok, ana yake. Mbwa koko wa mtaani anapeanwa bure, na wakati mwingine hata bure hapati wa kumchukua.

Bei hiyo inakuambia nini? Inakuambia ni mbwa gani anatafutwa wiki hii. Ikibadilika fasheni, bei inabadilika. Haikuambii kama huyo mbwa anabweka mtu akiruka ua saa nane za usiku, au kama amezoea watoto, au kama amewahi kuugua.

Wengine hulipa pesa nyingi kwa "mbegu safi" bila karatasi hata moja. East Africa Kennel Club husajili mbwa wenye ukoo unaojulikana na huwaandalia maonyesho hapa Nairobi. Kama muuzaji anadai mtoto wa mbwa ni wa ukoo safi, mwambie atoe cheti. Bila cheti, unalipia sura na maneno matamu.

Kisha kuna kichekesho kingine. Ukimfanyia mbwa wako upasuaji asizae, kama madaktari wa mifugo wanavyoshauri, bei yake sokoni inashuka, maana wafugaji wa kuuza hawamtaki tena. Akifikisha miaka tisa, bei inakaribia sufuri. Kwa hivyo kipimo cha soko kinamwadhibu mtu aliyefanya jambo sawa, na kinamwambia kwamba rafiki wa miaka tisa hana maana kuliko mtoto wa mbwa aliyenunuliwa jana.

Linganisha na mbwa wanaofanya kazi. Katika uwanja wa ndege wa JKIA na bandari ya Mombasa kuna mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa kwenye mizigo. Ukitaka kujua thamani ya mbwa wa aina hiyo hutauliza ana rangi gani. Utauliza amefunzwa kwa miezi mingapi, nani alimfunza, na itagharimu nini kupata mwingine wa kufanya kazi ileile. Hicho ndicho kipimo cha akili. Shida ni kwamba tunakitumia kwa mbwa wa serikali na wa kampuni za ulinzi, halafu tunakisahau kwa mbwa wa nyumbani.

Sheria inamwona vipi?

Kwa macho ya sheria yetu, mbwa ni mali. Huenda neno hilo likakukera, lakini lina faida. Kwa kuwa ni mali, anayemwibia mtu mbwa ni mwizi, na anayemuua au kumjeruhi mbwa wa mwenzake makusudi anatenda kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Vilevile, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamlinda mnyama mwenyewe asiteswe, hata na mwenye mbwa. Kwa hivyo jirani anayetupa nyama yenye sumu juu ya ua kwa sababu amechoka na kelele hafanyi mzaha. Ni kesi hiyo.

Lakini kesi ya jinai humwadhibu mkosaji, wala si lazima ikurudishie pesa zako. Ukitaka fidia, njia ni kudai. Habari njema ni kwamba siku hizi huhitaji kuuza shamba ndio upate haki. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya hasara kwa mali. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60.

Habari ngumu ni hii: katika mahakama zetu, hasara ya pesa ambayo tayari imetokea lazima itajwe waziwazi, shilingi kwa shilingi, na ithibitishwe. Huwezi kusimama hapo useme, "Mheshimiwa, nilitumia pesa nyingi sana kwa huyu mbwa." Nyingi ni ngapi? Ulimlipa nani? Lini? Mahakama ya Madai Madogo haibanwi na kila kanuni ya ushahidi kama mahakama nyingine, lakini hata huko machozi hayawi risiti.

Na wengi hawatafika kortini. Mambo haya huishia kwa chifu, kwa mzee wa mtaa, kituoni, au hapo kando ya barabara huku boda boda kumi wakisikiliza. Hata huko, mwenye tarakimu mkononi huongea na akasikizwa. Asiye nayo hupewa elfu mbili na kuambiwa ashukuru Mungu.

Wengine walivyohesabu

Swali hili limewasumbua majaji wa Marekani kwa zaidi ya karne moja, na kuna mafunzo mawili matatu ya kuokota huko.

Katika jimbo la Texas, mbwa aliyeitwa Avery alitoroka nyumbani mwaka 2009 na akapelekwa kwenye kituo cha wanyama cha jiji la Fort Worth. Wenyewe walimpata, lakini hawakuwa na pesa za kumtoa siku hiyo. Akawekewa alama kwamba asiguswe. Mfanyakazi akakosea, na Avery akadungwa sindano ya kuua kabla wenyewe hawajarudi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba wenyewe hawawezi kulipwa kwa sababu ya mapenzi waliyokuwa nayo kwa mbwa huyo. Ilishikilia msimamo uliotokana na kesi ya mwaka 1891: kinacholipwa ni bei ya soko, au thamani inayotokana na kazi na manufaa ya mbwa.

Jimbo la Georgia lilichukua njia tofauti kidogo mwaka 2016. Mbwa anayeitwa Lola aliachwa katika makao ya kulea mbwa wakati wenyewe wamesafiri. Wenyewe walidai kwamba alipewa huko dawa ambayo haikuwa yake, figo zikaharibika, na hatimaye akafa. Walikuwa wametumia zaidi ya dola 67,000 kumtibu. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya Sh8.7 milioni. Na Lola alikuwa mbwa wa kuokotwa, chotara, ambaye sokoni hangepata mnunuzi.

Waliodaiwa walitaka hesabu iishie kwenye bei ya soko, yaani karibu sufuri. Mahakama ya Juu ya Georgia ilikataa. Ilisema mwenye mbwa anaweza kudai bei ya soko pamoja na gharama za matibabu zilizokuwa za busara, na ni kazi ya wanaosikiza kesi kupima kama zilikuwa za busara au zilipita kiasi. Lakini mapenzi yenyewe hayalipwi.

Tennessee ilithubutu kwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2000 ina sheria inayoruhusu fidia hata ya kupoteza urafiki wa mnyama wa nyumbani, ingawa imewekewa kikomo cha dola 5,000.

Kisha wakaja wanauchumi. Mwaka 2007, mbwa na paka wengi Marekani walikufa kwa kuharibika figo baada ya kula chakula cha dukani kilichotiwa kemikali ya melamini. Ikawa wazi kwamba serikali ikitaka kupima faida ya kudhibiti chakula cha wanyama, haina tarakimu ya kuweka upande wa mbwa aliyeokolewa. Kundi la watafiti likawauliza wenye mbwa wangekubali kulipa kiasi gani kwa chanjo ya kupunguza hatari ya mbwa wao kufa kwa ugonjwa. Walipopiga hesabu, wakapata thamani ya uhai wa mbwa mmoja kuwa takriban dola 10,000, yaani kama Sh1.3 milioni.

Usikimbie na tarakimu hiyo kwa chifu. Kwanza, iliulizwa kwa Wamarekani wenye mifuko ya Marekani. Pili, ni kipimo cha kusaidia kutunga sera. Haisemi jirani aliyemgonga mbwa wako akulipe kiasi hicho. Tulichopenda ni jambo moja tu: inaonyesha kwamba mbwa wa bure sokoni anaweza kuwa na thamani kubwa kwa mwenyewe, na thamani hiyo inaweza kupimwa kwa utaratibu badala ya makelele.

Piga hesabu yako

Kati ya njia hizo zote, ile ya Georgia ndiyo tunayoiona inafaa mitaa yetu. Haimfanyi mbwa kuwa binadamu, na pia haimfanyi kuwa takataka.

Tuseme kijana wa Rongai alipewa mbwa koko bure. Akamchanja mwaka wa kwanza na kumpa dawa za minyoo kwa jumla ya Sh6,000. Akalipa Sh8,000 ya upasuaji wa kumfunga kizazi. Akamlipa mkufunzi Sh15,000 amfunze kutii na kulinda. Siku moja gari likaingia kwa ploti kwa kasi, mbwa akavunjika mguu, na matibabu yakala Sh18,000. Baada ya wiki moja mbwa akafa.

Hizi ni tarakimu za mfano tu. Weka zako. Lakini ona tofauti. Kwa kipimo cha soko, hasara ni sufuri, maana alipewa bure. Kwa kipimo tunachopendekeza, kuna Sh18,000 za matibabu, na kuna Sh29,000 za kumfikisha mbwa mwingine pale yule wa kwanza alipokuwa. Jumla ni Sh47,000. Hakuna senti hata moja ya huzuni humo ndani, na bado ni mbali sana na ile elfu mbili.

Na chakula cha miaka mitatu? Hapo lazima tuwe wakweli. Ugali na mabaki ya nyama uliyompa tayari vilikulipa: ulilala ukijua kuna anayesikiliza geti, na ulirudi kutoka kazini ukakuta mkia unaotingishwa. Ukidai pesa hizo tena, unadai mara mbili. Hesabu ya haki huuliza itakugharimu nini kurudi ulipokuwa, basi.

Najua mapenzi yatakosekana kwenye hesabu hii, na itauma. Lakini kuna sababu ya kuyaacha nje. Katika kesi ya Avery, mashirika ya wafugaji na ya madaktari wa mifugo yalionya kwamba huzuni ikianza kulipwa, gharama ya kumtibu mnyama itapanda kwa kila mtu, kwa sababu madaktari watajikinga. Hapa kwetu, ambako wengi tayari wanashindwa kulipia chanjo, hatuwezi kupuuza onyo hilo. Pia huzuni ni rahisi kudanganya. Risiti ni ngumu kidogo.

"Watu wanalala njaa"

Kuna wasomaji ambao wamefika hapa wakitikisa kichwa. Unga uko juu, kodi imepanda, vijana hawana kazi, na sisi tunajadili fidia ya mbwa?

Tunawaelewa. Lakini hebu mtazame ni nani anayeumia. Tajiri wa mtaa wa kifahari ana bima, ana wakili, na mbwa wake ana cheti cha ukoo. Kipimo cha soko kinamfaa sana. Anayeachwa uchi ni kijana wa bedsitter aliyeokota mtoto wa mbwa kwenye mtaro akamlea kwa mshahara wa vibarua. Mbwa wake ndiye "hana bei". Kudai kwamba gharama zihesabiwe ni kumtetea huyo.

Na sharti tuseme la upande wa pili, maana haki haina upande mmoja. Kama mbwa ni mali yako akiumizwa, ni mzigo wako akiuma. Mtoto wa jirani akiumwa, atahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na si sindano moja. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na hautafaulu kama vijana wa mjini wanaweka mbwa kwa ajili ya picha lakini hawana kadi ya chanjo. Mahakama ileile ya Madai Madogo inayoweza kukulipa wewe inasikiza pia madai ya mtu aliyejeruhiwa. Huwezi kusema "Simba ni familia" wakati wa kulipwa, kisha useme "huyo ni mbwa wa ploti" wakati wa kulipa.

Fanya haya wiki hii

Basi usingoje ajali. Nunua daftari la shilingi hamsini au fungua faili kwenye simu. Andika ulivyompata mbwa, tarehe, na kutoka kwa nani. Kama ulimnunua, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo na muuzaji.

Weka kadi ya chanjo mahali usipoweza kuipoteza, na uipige picha. Kadi hiyo ni mali na ngao kwa pamoja: inaonyesha ulichotumia, na inakutetea mbwa akimuuma mtu. Kila ukienda kwa daktari wa mifugo, omba risiti yenye jina la mbwa na kazi iliyofanywa. Mkufunzi akija nyumbani, mlipe kwa simu, na si kwa noti mkononi.

Piga picha za mbwa akiwa mzima, za pembeni na za uso, pamoja na alama yoyote ya kumtambua. Siku akiibwa, picha akiwa amevaa miwani ya jua haitamsaidia polisi.

Desemba ikifika na unaenda ushago, usimwache mbwa kwa makao ya kulea kabla hujasoma karatasi wanayokupa utie sahihi. Tafuta pale panaposema nani atalipa mbwa akiugua mikononi mwao. Kama mbwa anakula dawa, andika jina la dawa, kipimo na saa, na uwape nakala. Ukimwachia soja wa geti, mwandikie pia, na umwachie nambari ya daktari.

Na kwa wale wenye mamlaka ya kuamua, kuanzia mzee wa mtaa hadi wanaosikiza kesi Milimani, ombi letu ni fupi. Mtu akija mbele yenu na mbwa koko na bahasha ya risiti, msianze kwa kumuuliza alimnunua kwa pesa ngapi. Fungueni bahasha kwanza.